Mgeni Asiyefika Siku ya Tatu: Uhakiki wa Simulizi ya Ziara Fupi katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na Makazi ya Nakivale

Ikisiri

Makala hii inahakiki simulizi ya ziara fupi, yaani maelezo ya mdomo yanayotolewa kwa wageni wanaopitishwa mahali kwa saa chache kisha wakaondoka. Mifano miwili inalinganishwa: maelezo wanayopewa abiria wa meli za kitalii wanaopelekwa kwa basi kuuona Mji Mkongwe wa Zanzibar, na maelezo wanayopewa wajumbe wanaotoka Mbarara kwenda kuyatazama makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda. Makala inadai kwamba simulizi hizi ni za utanzu mmoja: zina msuko mmoja, zina namna moja ya kudondosha mambo, na zina udhaifu mmoja katika matumizi ya ushahidi. Tofauti iko katika matokeo. Mtalii hurudi na picha. Mjumbe hurudi na ripoti. Kwa kutumia methali ya mgeni na jembe pamoja na matini za fasihi zilizosimulia mahali hapo kwa mwendo tofauti, makala inapendekeza namna ya kuusahihisha utanzu huu.

1.0 Utangulizi

Methali ya Kiswahili isemayo “Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe” imezoeleka kufasiriwa kama onyo dhidi ya uvivu. Ndivyo Mwalimu Julius Nyerere alivyoitumia mwaka 1962 katika andiko lake kuhusu Ujamaa. Hata hivyo, methali hiyo ina maana nyingine isiyotajwa mara nyingi. Jembe ni njia ya kujua. Mgeni aliyeketi barazani siku mbili ameonyeshwa sebule. Aliyepewa jembe siku ya tatu huanza kujua udongo ulivyo mgumu, maji yanatoka wapi, na nani ana ugomvi na nani juu ya mpaka wa shamba. Kabla ya siku ya tatu, kila anachokijua mgeni amekipokea kutoka kwa msimuliaji.

Abiria wa meli ya kitalii ni mgeni asiyeifikia siku hiyo. Meli hutia nanga asubuhi na kung’oa jioni, na kati ya hapo kuna mji wenye historia ya karne nyingi. Mjumbe wa shirika, wizara au ubalozi anayekwenda Nakivale asubuhi na kulala Mbarara naye haifikii. Aina zote mbili za wageni hutegemea maneno ya mtu mmoja mwenye saa mkononi. Maneno hayo ni matini, na kwa kuwa ni matini, yanastahili kuhakikiwa kama matini nyingine yoyote ya fasihi simulizi: nani anasimulia, kwa nani, kwa mpangilio gani, na nini kinaachwa.

2.0 Msingi wa uhakiki

Dhana mbili zinatosha kwa kazi hii. Ya kwanza ni ya Gérard Genette, aliyetofautisha muda wa matukio na muda wa kuyasimulia. Msimuliaji anaweza kuurefusha muda, kuufupisha, au kuuruka kabisa. Katika riwaya, uamuzi huo ni wa mwandishi. Katika ziara fupi, uamuzi si wa msimuliaji hata kidogo: muda wa kusimulia umekwisha kupangwa na ratiba ya meli au ya msafara wa magari. Mwongozaji hupokea chombo kikiwa tayari kina ukubwa wake, kazi yake ikawa kukijaza.

Ya pili ni ya Robert Chambers, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu maendeleo vijijini aliziita ziara za wataalamu utalii wa maendeleo. Alionyesha kwamba wataalamu huona vijiji vilivyo kando ya lami, huenda wakati wa kiangazi barabara zinapopitika, hukutana na viongozi na wanaojieleza vizuri, na hupelekwa penye miradi. Chambers alikuwa akisema na watunga sera. Lakini hoja yake ni ya kihakiki pia, kwa sababu inataja kanuni za utunzi: mandhari huteuliwa na barabara, wahusika huteuliwa na itifaki, na majira huteuliwa na hali ya hewa. Hata meli za kitalii zina majira yake. Nyingi huja katika miezi ya kaskazi, pepo zile zile zilizokuwa zikileta majahazi ya Uarabuni na Uhindini. Tofauti ni kwamba nahodha wa jahazi alilazimika kusubiri upepo ugeuke kuwa kusi ndipo arudi. Miezi hiyo ya kungoja ndiyo iliyozaa ndoa, madeni, misikiti na lugha. Bahari ilimlazimisha mgeni kufika siku ya tatu.

3.0 Mji Mkongwe: msuko unaofuata basi

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na sababu mojawapo ya thamani yake ndiyo inayoutatiza utalii wa haraka: vichochoro vyake havipitishi basi. Basi huzunguka ukingoni na kuwashusha wageni katika vituo vichache, na vituo hivyo ndivyo vinavyogeuka sura za hadithi. Kwa kawaida ni Mkunazini penye Kanisa Kuu la Kianglikana, soko la Darajani, Forodhani na Ngome Kongwe, milango iliyochongwa, nyumba inayohusishwa na utoto wa Farrokh Bulsara aliyejulikana duniani kwa jina la Freddie Mercury, kisha shamba la viungo nje ya mji. Mpangilio huu haufuati tarehe wala sababu na matokeo. Unafuata maegesho.

Mkunazini ndipo udhaifu wa ushahidi unapoonekana wazi zaidi. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, katika utawala wa Sultani Barghash, kwa shinikizo la Uingereza. Misheni ya UMCA ilijenga kanisa mahali pale chini ya Askofu Edward Steere, mtu ambaye wanafunzi wa Kiswahili wanamfahamu kwa kazi zake za sarufi na za ukusanyaji wa hadithi. Karibu na kanisa kuna jengo ambalo vyumba vyake vya chini huonyeshwa kama mahali walipofungiwa watumwa kabla ya kuuzwa. Watafiti wamelihoji dai hilo kwa sababu nyepesi kueleweka: jengo lenyewe lilijengwa na misheni mwishoni mwa karne ya 19, soko likiwa limekwisha kufungwa.

Hapa mhakiki anapaswa kuwa makini. Utumwa Zanzibar haukuwa uzushi, na mateso yake hayahitaji chumba cha chini ili yawe ya kweli. Hatari iko upande mwingine. Simulizi inayoegemeza ukweli mkubwa juu ya ushahidi mwembamba humpa mkanushaji mahali pa kushika. Akishaonyesha kwamba chumba hakikuwa gereza, hudai kwamba gereza halikuwako. Ziara fupi huangukia kosa hili kwa kuwa inahitaji kitu cha kuingia, kugusa na kupiga picha kwa dakika kumi. Hati za mikataba, orodha za mizigo, na kumbukumbu za vizazi vya waliotumwa mashambani Unguja na Pemba haziingiliki kwa dakika kumi. Sanamu iliyochongwa na Clara Sörnäs mwaka 1998, inayoonyesha watu waliofungwa minyororo ndani ya shimo, ina unyofu zaidi katika jambo hili: inajitambulisha kuwa kumbukumbu iliyotengenezwa, haijidai kuwa mabaki.

Mfano wa pili ni kisiwa cha Changuu, kinachouzwa kwa wageni kama Kisiwa cha Jela. Jengo lake lilijengwa mwaka 1893 kwa nia ya kuwa jela, lakini likatumika kama karantini. Jina limebaki kwa kuwa jela ina mvuto kuliko karantini. Lakini kwa msomaji wa historia ya bahari, karantini ndiyo yenye maana zaidi: inaeleza hofu ya maradhi, mwendo wa meli, na jinsi serikali za kikoloni zilivyoanza kuwapanga watu kwa afya na asili yao.

Mdondosho mkubwa kuliko yote unatokea basi likiwa katika mwendo. Barabara ya Benjamin Mkapa, iliyojulikana zamani kama Creek Road, inapita mahali palipokuwa na mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng’ambo. Basi hulifuata kovu hilo. Kulia au kushoto, kutegemea linakoelekea, kuna mji wa mawe unaosimuliwa. Upande wa pili kuna mji waliokoishi watu wengi zaidi, ukiwemo mtaa wa Michenzani na majumba yake yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Neno “ng’ambo” lenyewe linahitaji msemaji aliyesimama upande mmoja. Ziara fupi humsimamisha mgeni upande huo huo bila kumwambia kwamba amesimamishwa.

4.0 Nakivale: msuko ule ule

Nakivale ilianza kupokea wakimbizi kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950 na ikatambuliwa rasmi kuwa makazi mwaka 1960. Kwa hiyo ni moja ya makazi ya wakimbizi yenye umri mkubwa zaidi barani Afrika, na ina umri kuliko Uganda huru. Leo inakaliwa na watu zaidi ya laki moja na nusu, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pamoja na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengine, katika kanda tatu za Base Camp, Juru na Rubondo. Kwa kipimo chochote ni mahali penye historia. Hata hivyo, mara chache hupewa wageni kama historia. Hupewa kama hali ya sasa, na mara nyingi kama mfano wa kuigwa.

Ratiba ya kawaida ya ujumbe inafahamika kwa yeyote aliyewahi kushughulika na sekta hii. Magari hutoka Mbarara asubuhi. Wageni hukaribishwa ofisini na kupewa takwimu. Hupelekwa kwenye kituo cha afya, shule, kikundi cha akina mama chenye mashine za kushonea au mizinga ya nyuki, na shamba linalostawi. Kuna ngoma. Kuna mkimbizi mmoja au wawili wanaotoa ushuhuda kupitia mkalimani. Kabla ya giza magari yamerudi mjini.

Mpangilio huu unalingana na ule wa Mji Mkongwe kwa kiasi cha kushangaza. Penye kanisa pana kituo cha afya. Penye mlango uliochongwa pana shamba la mfano. Penye viungo vya kunusa pana ngoma ya kupigia picha. Na penye Ng’ambo pana Masha. Msafara unaofuata lami ya kuelekea Kikagati huipita Masha ukiwa katika mwendo, na Masha, kama vijiji vingine vya Isingiro, huonekana kupitia kioo cha gari tu. Migomba, ng’ombe, na watu walio kando ya barabara hubaki mandhari. Ilhali sera ya Uganda inasisitiza kwamba misaada iwanufaishe wakimbizi na wenyeji kwa pamoja, na suala la ardhi katika eneo hili haliwezi kueleweka bila wenyeji. Kumbukumbu ya mwaka 1982, Wanyarwanda walipofukuzwa katika nyumba zao Ankole na wengi kukimbilia makazini au mpakani, imo katika vijiji hivyo vya kando ya barabara. Kituo cha afya hakiwezi kuisimulia.

Shamba la mfano linastahili kuchunguzwa kama chumba cha chini cha Mkunazini. Uganda imesifiwa kwa kumpa mkimbizi ardhi na uhuru wa kutembea na kufanya kazi, haki zilizowekwa katika Sheria ya Wakimbizi ya 2006. Sifa hiyo ni ya haki. Methali imetekelezwa kihalisi: mgeni amepewa jembe. Lakini kadiri idadi ilivyoongezeka ndivyo vipande vya ardhi vya waliofika karibuni vilivyozidi kupungua, na Isingiro imo katika ukanda mkavu wa wafugaji, ambamo ukame si jambo la nadra. Shamba moja lililostawi ni la kweli, kama vile utumwa ulivyokuwa wa kweli. Kosa ni kulifanya liwe thibitisho la kauli pana kwamba wakimbizi wa Nakivale wanajitegemea. Kauli hiyo ina uzito. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuzigawa kaya za wakimbizi Uganda katika makundi matatu kwa kadiri ya uhitaji, na kundi la tatu halikupata mgawo wowote. Chanzo kikuu kilikuwa upungufu wa fedha, na haidaiwi hapa kwamba ziara fupi ndizo zilizoleta uamuzi huo. Kinachodaiwa ni kwamba simulizi ya kujitegemea iliyorudiwa kwa miaka mingi huurahisisha uamuzi wa namna hiyo usikike kuwa wa kawaida.

5.0 Lugha ya mwongozaji na lugha ya anayesimuliwa

Mifano hii miwili haikuwekwa pamoja kwa sababu ya ufanano tu. Kuna njia halisi inayoiunganisha. Shangani, katika Mji Mkongwe, wageni huonyeshwa nyumba ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kama Tippu Tip. Simulizi ya ziara huishia mlangoni pake. Lakini misafara yake na ya wenzake ilifika Manyema, na Kiswahili kilichopita nayo kilibaki Kongo ya mashariki, kikabadilika na kuwa lugha ya mamilioni. Wazungumzaji wake walipokimbia vita katika miongo ya karibuni, walikileta Nakivale. Mtalii anayeonyeshwa mlango wa Shangani na mjumbe anayemsikiliza mama Mkongo wa Juru wanatazama ncha mbili za historia moja, na hakuna mwongozaji anayewaambia.

Tazama neno “matata”. Tangu wimbo wa “Jambo Bwana” wa kundi la Them Mushrooms wa Mombasa uvume mwaka 1982, “hakuna matata” limekuwa salamu ya utalii. Mwunguja katika mazungumzo yake ya kila siku husema “hamna shida” au “hamna taabu”. Katika Kiswahili cha Kongo, kinyume chake, “matata” ni neno hai na zito: ni ugomvi, vita, shida na serikali. Mkimbizi akisema “tuko na matata”, mkalimani aliyefunzwa Kiswahili sanifu anaweza kulitafsiri kwa wepesi ambao utalii umelizoeza sikio. Tofauti kama hii haiko katika takwimu, na ndiyo inayobeba ushuhuda.

Neno “wageni” nalo lina mkanganyiko wake. Makazini, “wageni wanakuja” ni habari ya ujumbe. Kwa wenyeji wa Isingiro, wageni ni wakimbizi wenyewe, hata aliyezaliwa pale miaka 30 iliyopita. Na huko Masha Kiswahili chenyewe ni mgeni mwenye historia. Kwa Waganda wengi wa umri mkubwa kilihusishwa na jeshi, hasa baada ya Idi Amin kukitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Ni mwaka 2022 tu Baraza la Mawaziri lilipoamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Hivyo lugha inayounganisha soko la Base Camp inaweza kumweka mbali mkulima wa Kinyankore aliye kilomita chache kutoka hapo. Ujumbe unaokuja na mkalimani mmoja umeshachagua upande.

6.0 Matini za mwendo mwingine

Fasihi ya eneo hili imekwisha kuonyesha kwamba mahali pale pale panaweza kusimuliwa vingine. Riwaya ya Kuli ya Adam Shafi Adam, iliyochapishwa mwaka 1979, inafanyika katika bandari wanakoshukia abiria wa meli. Inamfuata Rashidi, kijana anayeingia katika kazi ya ukuli kama baba yake, hadi mgomo wa makuli wa 1948. Msomaji hupewa kile ambacho basi halina nafasi nacho: uzito wa gunia na kazi isiyo na uhakika. Shafi hakuhitaji kuongeza majengo ya kihistoria katika bandari. Alibadilisha mahali pa kusimama, akamweka msomaji chini ya mzigo badala ya juu ya sitaha.

Upo pia mfano wa Mwafrika aliyekuwa mgeni wa haraka. Mwaka 1902 Ham Mukasa alifuatana na Katikiro Apolo Kagwa kwa meli kwenda Uingereza kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Mfalme aliugua na sherehe ikaahirishwa kutoka Juni hadi Agosti, na wageni wakapata wiki zaidi za kutembezwa. Kitabu cha Mukasa, kilichotafsiriwa kutoka Luganda na kuchapishwa mwaka 1904, kina ziara nyingi zilizopangwa na wenyeji waliotaka kuonyesha nguvu yao, na kwa hiyo kina mipaka ya utanzu huu huu. Nguvu yake iko katika kupima. Mukasa huyafafanua anayoyaona kwa vipimo na mifano ya nyumbani ili msomaji wa Buganda aweze kuyakadiria, na hivyo msomaji anajua daima ni nani anayetazama na kutoka wapi. Simulizi ya mwongozaji wa basi na taarifa ya ujumbe hukosa sifa hii: husema kana kwamba hazina mtazamaji.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Haingekuwa haki kumlaumu mwongozaji. Riziki yake inategemea kumrudisha abiria melini kwa wakati, na ofisa wa makazi naye hupokea ujumbe mmoja baada ya mwingine akiwa na kazi nyingine. Wala ziara fupi haitakoma. Meli zitaendelea kuja, na wafadhili watataka kuona. Swali ni namna ya kuifanya simulizi hiyo ikiri ufupi wake. Mapendekezo manne yanafuata.

Kwanza, mafunzo ya waongoza watalii yatumie uwezo wa Kiswahili wa kutofautisha viwango vya uhakika. “Inasemekana”, “wazee wanasimulia” na “hati zinaonyesha” ni kauli tatu tofauti. Mgeni anaweza kuambiwa Mkunazini: soko lilikuwa hapa, hati zinaonyesha, vyumba hivi inasemekana vilitumika hivi, na watafiti wanahoji. Hayo yanahitaji nusu dakika. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake yako Zanzibar, ina nafasi nzuri ya kuandaa mwongozo wa namna hiyo.

Pili, riwaya na tawasifu zilizoandikwa kuhusu maeneo ya urithi ziingizwe katika mitaala ya uongozaji watalii, Kuli ikiwa mojawapo, ili njia ya basi isiwe ndiyo mtaala.

Tatu, wakalimani wa Nakivale watambuliwe kuwa wataalamu wa lahaja, wawemo wazungumzaji wa Kiswahili cha Kongo na wa Kinyankore, na ziara za tathmini zianzie kwa wenyeji wa vijiji kama Masha badala ya kuvipita.

Nne, na hili ndilo la msingi, kila ripoti inayotokana na ziara ya siku moja isomwe kwa lugha zao mbele ya watu walioonyeshwa ndani yake kabla haijawa hoja ya bajeti. Mgeni asiyeweza kukaa hadi siku ya tatu anaweza angalau kuleta maneno yake siku hiyo yapimwe na wenye jembe. Gharama yake ni nauli ya kutoka Mbarara na mchana mmoja wa kusikiliza. Kaya iliyoondolewa kwenye mgawo kwa sababu ilidhaniwa inajitegemea hulipa zaidi ya hapo.